Bajaji ya umeme isikike vipi, na iwe na umbo gani? Jibu kwa fundi wa Mtwara

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mtwara, Chikongola. Naunda bajaji ya umeme ya kubeba abiria. Fremu nimeitoa kwenye bajaji ya zamani, mota na betri nimeshavipata, bodi nitaitengeneza mwenyewe. Nilipoijaribu kichochoroni, tulimkaribia mama mmoja asiyeona na yeye hakusikia kitu. Alishtuka tukiwa tumeshamfikia begani. Madereva wananiambia nifunge spika itoe mlio wa injini ya petroli. Binti yangu anasema nipige muziki. Nifuate lipi? Na bodi je, niichongoe kama yale magari ya umeme tunayoyaona mtandaoni, au nirudishe umbo lilelile la zamani?

JIBU: Salama, fundi. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla hujakata bati. Wengi humaliza chombo kizima ndipo watafute pa kubandika spika, na mlio unakuwa kiraka. Kwenye chombo cha umeme mlio na bodi ni kazi moja, maana injini ikishaondoka kila sauti inayobaki inatokana na kile ulichokichora na kukichomelea wewe.

Ushauri wangu: usifunge mlio wa injini, wala usipige muziki. Tunga mlio mpya unaomwambia mtu mambo matatu tu: kuna chombo, kiko upande gani, na kinaongeza au kinapunguza mwendo. Bodi usiichongoe. Iwe nyepesi, uzito ukae chini, na bati lake lisivume.

Nianze na yule mama, kwa sababu yeye ndiye kipimo cha kazi yote. Kilichomkuta kimeshachunguzwa. Mwaka 2024 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walichapisha uchambuzi wa ajali za waenda kwa miguu Uingereza za mwaka 2013 hadi 2017. Ukilinganisha kwa umbali uliotembewa, magari ya umeme na ya haibridi (yenye injini na mota pamoja) yaligonga waenda kwa miguu mara mbili hivi ya magari ya petroli na dizeli, na hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi mijini. Chombo kikienda polepole, sauti yake kubwa hutoka kwenye injini na eksozi. Ukiviondoa, inabaki tairi, nayo kwenye lami husikika vizuri mwendo ukipita kilomita 20 au 30 kwa saa.

Ndiyo maana Kanuni Namba 138 ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2016, inalitaka gari la umeme litoe mlio mpaka kilomita 20 kwa saa. Marekani wamekwenda mpaka 30. Ulaya waliulazimisha kwa kila aina mpya ya gari kuanzia Julai 2019, na kwa kila gari jipya kuanzia Julai 2021. Lakini kanuni hizo zinahusu magari madogo, mabasi na malori. Bajaji haimo. Isitoshe, zimeandikwa kwa kufikiria lami. Vichochoro vyenu vya Chikongola, Magomeni na kule Mikindani vina mchanga, na kwenye mchanga laini tairi linaweza kwenda 25 bila kutoa sauti ya maana. Kwa hiyo bajaji yako iendelee kulia mpaka 30, kisha mlio ufifie taratibu. Usiukate ghafla, maana mlio unaokatika ghafla humfanya msikilizaji aamini kwamba chombo kimesimama.

Isikike kwa nguvu gani? Kanuni 138 inadai angalau desibeli 50 kwa mwendo wa 10, desibeli 56 kwa mwendo wa 20, na 47 kinaporudi nyuma, zote zikipimwa mita 2 kutoka mstari wa katikati ya gari. Juu kabisa imeweka kikomo cha 75. Sasa piga hesabu pamoja nami. Mwendo wa 20 ni mita 5.6 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde 1 kabla ya kukanyaga breki, ameshakula mita 5.6, na breki zenyewe zinahitaji mita 4 hivi kwenye lami kavu, zaidi kwenye mchanga. Hapo ni karibu mita 10, na mtu aliye mbele anahitaji nafasi ya kugeuka na kupisha. Mlio wako lazima usikike mita 12 mbele. Sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili: 56 za mita 2 zinakuwa 50 kwa mita 4, 44 kwa mita 8, na kwenye mita 12 zimebaki kama 40. Kichochoro kilichotulia asubuhi kina desibeli 40 hivi chenyewe. Kwa hiyo 56 ni pungufu kwako. Anzia 60 kwa mwendo wa 20, kisha ongeza au punguza kwa majaribio nitakayoyaeleza.

Usijaribu kuushinda mtaa wa sokoni kwa nguvu ya spika. Sokoni kelele zinafika 65 au 70. Ukitaka mlio wako uzipite huko, utakuwa unawapigia kelele wagonjwa wa hospitali ya Ligula ukifika getini kwao. Sokoni dawa ni mwendo mdogo na honi.

Sasa mlio wenyewe. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo hata makampuni makubwa yamehangaika. Jaguar walipokuwa wanatengeneza gari lao la umeme, I-Pace, mlio wa kwanza waliutunga ufanane na vyombo vya anga vya kwenye filamu. Waenda kwa miguu wakausikia vizuri, lakini wakatazama juu angani badala ya kutazama barabarani. Ikabidi uachwe. Ninaurudia mfano huu kila mara kwa sababu unaonyesha kuwa kusikika hakutoshi. Mlio lazima uyapeleke macho na mwili wa mtu mahali chombo kilipo.

Sikio linatambua upande kwa njia mbili. Kwa sauti nene, chini ya hezi 1,500 hivi (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), linapima tofauti ndogo ya muda kati ya sauti kufika sikio la kulia na la kushoto. Kwa sauti nyembamba kuliko hapo linategemea kichwa, ambacho hukinga sauti ili ifike hafifu upande wa pili. Mlio wa toni moja tupu unalipa sikio habari kidogo sana, na ndio mgumu kuliko yote kujua umetokea wapi. Mlio wenye sauti nyingi zilizochanganyika, kama mvumo wenye mkwaruzo kidogo ndani yake, unatambulika upesi. Kanuni 138 nayo inataka sauti zenye nguvu katika maeneo mawili tofauti au zaidi, na moja lisizidi eneo la hezi 1,600. Sababu mojawapo ni wazee. Umri unapokwenda, sauti nyembamba ndizo za kwanza kupotea. Bajaji inayolia kwa mlio mwembamba wa hezi 4,000 itawastua watoto na kuwapita wazee.

Kwako ningeweka mwili wa mlio kati ya hezi 400 na 800, na juu yake mvumo mwepesi wa kupwita unaofika hezi 2,500. Usihangaike na sauti nene chini ya 200. Spika ndogo haiwezi kuzitoa, utapata mtetemo wa bodi tu. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuukataa mlio wa injini: ule mdundo wa bajaji ya petroli uko chini, na spika ya inchi 4 itaugeuza kuwa mkoromo. Sababu kubwa zaidi ni kwamba mlio wa injini hausemi mwendo. Dereva akibadili gia sauti inashuka huku bajaji inazidi kukimbia, na akipiga resi amesimama inapanda bila chombo kusogea. Tumezoea, lakini ni habari mbovu kwa mtu anayetegemea masikio peke yake. Wewe una nafasi ya kumpa iliyo nzuri zaidi.

Na muziki? Binti yako ana wazo la furaha, lakini muziki haubadiliki kwa mwendo, na mtaani kila duka na kila bajaji ina muziki wake. Mama yule atasikia wimbo na kudhani ni wa kinyozi wa jirani. Hata hivyo kuna kitu ningekikopa kutoka kwenye ngoma za huko kwenu. Ngoma ya sindimba inasikika mbali, na sikio linajua ilipo, kwa sababu kila pigo lina mwanzo mkali. Mwanzo mkali wa sauti ni msaada mkubwa kwa sikio linalotafuta upande. Usikope mapigo ya sindimba yenyewe. Kopa ile tabia yake: mvumo wako upwite, kila mpwito uanze waziwazi, mara 3 kwa sekunde bajaji inapoondoka, na ufike mara 8 kwa mwendo wa 20. Mtu atausikia mwendo bila kufundishwa.

Pamoja na mpwito, sauti yenyewe ipande. Kanuni inataka ipande angalau asilimia 0.8 kila mwendo unapoongezeka kilomita 1 kwa saa, kati ya 5 na 20. Ukijumlisha ni asilimia 12 tu, sawa na hatua mbili jirani za kinanda, vitufe vyeupe na vyeusi vyote vikihesabiwa. Mtu anayesikiliza kwa makini ataisikia tofauti hiyo, lakini mtu aliyebeba ndoo kichwani huku anazungumza na mwenzake huenda asiisikie. Mimi ningepandisha kwa nusu nzima: ikiwa inaanza hezi 400 kwa mwendo wa 5, ifike 600 kwa mwendo wa 20.

Habari ya mwendo uichukue kwenye gurudumu au kwenye sensa za mota, kamwe usiichukue kwenye akseleta. Bajaji inayokuja kijiweni dereva akiwa ameachia akseleta, inateleza tu, ndiyo inayogonga watu. Lazima iendelee kulia. Mota yako, kama ni ya kisasa isiyo na brashi, kwa kawaida ina sensa zinazotoa mapigo ya umeme kila inapozunguka. Fundi wa elektroniki anaweza kuyasoma kwa saketi ndogo yenye chipu na kuyageuza kuwa mlio kupitia amplifaya ya wati 10 au 20. Haihitaji zaidi.

Spika iwe ya kustahimili maji, ikae mbele chini ya kioo, ikielekea barabarani na kuinama kidogo, kimo cha sentimita 50 au 60 kutoka chini. Ifunge juu ya raba ili isiitetemeshe fremu. Ya pili, ndogo, iwe nyuma kwa ajili ya kurudi kinyumenyume, maana mota inarudi nyuma kwa ukimya uleule inaoendea mbele. Kwa kurudi nyuma tumia mvumo wa "shh, shh" badala ya king'ora cha "pii, pii". Unatambulika upande vizuri zaidi na hausumbui nyumba za mbali.

Bajaji ikisimama iwe kimya? Kanuni ya Umoja wa Mataifa haidai mlio chombo kikiwa kimesimama, ya Marekani inadai. Mimi nimesimama katikati kwa sababu ya vijiwe vyenu. Bajaji kumi zimepanga foleni zote zinavuma hakuna atakayejua ipi inaondoka. Iwe kimya ikiwa imeegeshwa, lakini dereva akiiweka tayari kuondoka itoe mvumo mdogo, sekunde moja kabla gurudumu halijageuka.

Majaribio yafanye na watu wasioona, na wawe wao waamuzi. Wasiwe mashahidi tu. Watafute kupitia Chama cha Wasioona Tanzania, na walipe muda wao kama unavyomlipa fundi umeme. Mtu asimame kandokando ya njia, mahali salama, akiwa amekupa mgongo. Bajaji ije kwa 10, kisha kwa 20, wakati mwingine isije kabisa. Akisikia, anyooshe mkono upande inakotoka, na msaidizi wako apime umbali kwa futi kamba. Rudia kwenye mchanga, kwenye lami, alfajiri, na siku ya upepo wa bahari. Akiwahi kuisikia lakini akanyooshea upande usio wake, tatizo ni aina ya mlio, kuongeza sauti hakutasaidia. Kwa desibeli, simu inafaa kulinganisha mlio mmoja na mwingine, lakini kiwango chenyewe kipime kwa kifaa halisi.

Sasa bodi, na hapa nakuomba uanze na masikio pia. Injini ya petroli ilikuwa inaficha makosa mengi ya mafundi. Bolti iliyolegea, mlango wa turubai unaopiga, bati linalogusa fremu, vyote vilizama ndani ya ngurumo. Kwenye bajaji yako vitasikika vyote, na abiria atasema chombo kibovu hata kama mota ni nzima. Zaidi ya hapo, kelele hizo zitaufunika mlio uliouhangaikia. Bati tambarare pana lililoshikwa kingo tu ni kama ngozi ya ngoma: kila shimo la barabara linalipiga. Likunje. Mkunjo wa mstari mmoja au miwili katikati ya bati, au mbinuko mdogo, unaliongezea ugumu bila kuongeza hata gramu. Sehemu usizoweza kukunja, bandika ndani shiti za lami kama zilizomo ndani ya milango ya magari. Kila bolti iwe na washa ya raba pale bodi inapokutana na fremu. Kontrola ya mota nayo ichague ya mawimbi laini, maana zile za bei ya chini zenye mawimbi ya mraba humfanya mota akorome wakati wa kuondoka.

Wabunifu wa Nissan Leaf, lililotoka 2010, walikutana na jambo hilihili kwa upande wa upepo. Injini ilipoondoka, upepo kwenye vioo vya pembeni ukaanza kuwakera waliokaa ndani. Wakazitoa taa za mbele nje, zikavimba, ili zigawe upepo kabla haujafika kwenye vioo. Watu waliziona taa za ajabu, kumbe umbo lile lilichorwa kwa ajili ya masikio.

Kuhusu kuchongoa: magari unayoyaona mtandaoni yamechongwa kwa sababu yanakwenda kilomita 100 na zaidi kwa saa. Upepo hukua kwa ukali sana: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya mota inayoliwa na upepo inakuwa mara 8. Chukua bajaji yenye abiria, jumla kilo 600, bodi pana ya kawaida, kwenye lami. Kwa mwendo wa 25 upepo unakula wati 200 hivi, na tairi wati 600. Kwa 45 vinakaribia kulingana, kama wati 1,100 kila kimoja. Kwa 50 upepo unaongoza, 1,600 kwa 1,200. Kama bajaji itazunguka mjini, pua iliyochongoka haitakulipa, na kwenye mchanga tairi litakula zaidi ya hapo. Weka pesa kwenye tairi zuri lenye upepo wa kutosha na kwenye kupunguza kilo. Kama itakuwa ya Mtwara na Mikindani, ile barabara ambako madereva wanafika 50, viringisha kona za mbele na za paa, na kioo kiinamie nyuma kidogo. Inatosha. Usipunguze nafasi ya magoti ya abiria kwa ajili ya sura.

Kinachoamua sura ya kweli ni betri. Betri ya lithiamu ya aina ya LFP (yenye chuma na fosfati) ya kilowati-saa 7 ina kilo 70 hivi. Ya asidi ya uwezo huo inakaribia kilo 200. Mzigo huo ukae chini ya kiti cha abiria, karibu na ekseli ya nyuma. Bajaji ina gurudumu moja mbele, kwa hiyo ikikata kona huku ikifunga breki, uzito hukimbilia kwenye ile ncha nyembamba ya mbele. Kiini cha uzito kikipanda kutoka sentimita 65 hadi 75, uwezo wake wa kustahimili kona bila kupinduka unapungua asilimia 13. Nimeona michoro inayoweka betri nyuma ya kiti, juu, ili iwe rahisi kuitoa. Sitaikubali kamwe kwa chombo cha abiria.

Sanduku la betri liwe la kiwango cha IP67, yaani lisiloingiza vumbi na linalostahimili kuzama mita 1 kwa nusu saa, kwa sababu ya masika yenu. Chumvi ya bahari itakula fremu kwa ndani kabla hujaiona nje, kwa hiyo toboa matundu ya kutoa maji chini ya kila bomba na upige rangi ya zinki. Paa liwe jeupe. Seli nyingi za LFP haziruhusiwi kuchajiwa zikipita nyuzi 45, na bajaji iliyolala juani saa nane mchana inaweza kufika hapo. Nitasema pia lililo moyoni: upande hasi wa betri hizi hutengenezwa kwa madini ya kinywe (grafaiti), na kinywe kiko Ruangwa, katika mkoa wa Lindi, jirani yako. Ningependa sana mafundi wa Kusini wawe wanachora vyombo vinavyotumia betri hizo, wasiishie kuona madini yakipita barabarani.

Kabla ya kupiga rangi nenda LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), TBS (shirika la viwango) na kwa polisi wa usalama barabarani ukiwa na michoro yako, uwaulize wanahitaji nini kwa chombo kilichoundwa upya. Kubadilisha bodi iliyopakwa rangi ni hasara.

La mwisho ni swichi. Madereva watakuomba uweke ya kuzima mlio, hasa wanaofanya kazi usiku. Usiiweke. Kanuni 138 iliruhusu swichi hiyo mwanzoni, baadaye ikaipiga marufuku. Badala yake ipe saketi saa: kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri mlio upungue desibeli 4 au 5 peke yake. Mtaa unakuwa umetulia wakati huo, na atakayekuwa anatembea gizani bado ataisikia mita 12 mbele.